Ronald Ngala: Mwalimu wa Kaloleni aliyeibeba Pwani hadi Lancaster

JINA la Ronald Gideon Ngala lingali midomoni mwa Wakenya, ingawa wengi walitajao hawamfikirii mtu aliyekuwa nalo. Jijini Nairobi ni jina la barabara yenye shughuli nyingi za matatu, na abiria hulitamka kama watamkavyo jina la kituo chochote cha kushukia. Mjini Mombasa limepewa shule ya msingi. Wazee wa Pwani humkumbuka kwa siasa za majimbo, na kwa ajali iliyomuua mwishoni mwa mwaka wa 1972.

Kinachosahaulika ni kwamba Ngala aliingia katika siasa za taifa akiwa tayari na umri wa miaka thelathini na kitu, baada ya kushika chaki kwa takriban mwongo mmoja katika shule za Kaloleni, Taita na Mombasa. Mengi aliyoyadai baadaye mbele ya mawaziri wa Kiingereza yalikuwa ni mambo ambayo mwalimu wa mji mdogo angeyaona kila siku kutoka dirisha la darasa lake.

Mtoto wa baada ya vita

Alizaliwa mwaka wa 1923 huko Gotani, katika nchi ya Wagiriama, sehemu ambayo leo imo katika Kaunti ya Kilifi. Gotani haiko mbali na Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama. Miaka tisa tu kabla ya kuzaliwa kwake, mwezi wa Agosti 1914, serikali ya kikoloni ililipua kaya hiyo kwa baruti ili kuuzima upinzani ulioongozwa na Mekatilili wa Menza pamoja na Wanje wa Mwadorikola. Chanzo cha ugomvi kilikuwa kodi, pamoja na vijana waliotakiwa waende wakafanye kazi katika mashamba ya wageni na, vita vya kwanza vya dunia vilipozuka, wakabebe mizigo ya jeshi. Wagiriama waliposhindwa walitozwa faini, na waliokuwa wakilima upande wa kaskazini wa mto Sabaki, penye ardhi nzuri, wakafukuzwa huko.

Kwa hiyo Ngala alikulia miongoni mwa watu waliokuwa na sababu ya kumwogopa mzungu na kila alicholeta, shule ikiwemo. Mzazi aliyempeleka mwanawe shuleni katika miaka ile alimpunguza mtu mmoja katika kazi za shamba na mifugo, na malipo yake hayakuwa dhahiri. Waliokwenda walikuwa wachache. Shule yenyewe ilikuwa mikononi mwa wamishonari wa Kianglikana, ambao wenzao walikuwa wameanza kazi pale Rabai tangu siku za Krapf katika miaka ya 1840. Kaloleni, mji mdogo uliozungukwa na minazi, walikuwa na kanisa, hospitali ya St Luke's na shule ya St John's. Hapo ndipo Ngala alipoanzia masomo.

Kutoka Kaloleni alikwenda Shimo la Tewa, karibu na Mombasa, kisha Alliance, Kikuyu, mapema katika miaka ya 1940. Yafaa msomaji wa leo, ambaye katika kila kaunti anaona shule za upili kwa makumi, akumbuke maana ya safari hiyo. Alliance ilichukua wavulana wachache kutoka Kenya nzima, chini ya mwalimu mkuu Carey Francis ambaye sifa za ukali na za ufundishaji wake zilikwenda pamoja. Reli iliyopita Mazeras, kituo kilicho jirani na Kaloleni, ndiyo iliyofika Kikuyu, na ndiyo iliyoendelea hadi Kampala ambako Ngala alisomea ualimu katika Chuo cha Makerere na kutunukiwa diploma. Kwa kijana wa Gotani, elimu yote iliyopatikana katika Afrika Mashariki ilikuwa imepangwa kwenye njia hiyo moja ya reli, na kila kituo kilimweka mbali zaidi na kwao.

Aliporudi angeweza kutafuta kazi mijini. Alirejea St John's, Kaloleni, akafundisha, na hatimaye akawa mwalimu mkuu wa shule ile ile iliyomfunza kusoma. Baadaye alihamia shule ya Mbale huko Taita, kisha Buxton, Mombasa.

Kazi ya mwalimu wa zama hizo

Ualimu wa miaka ya 1940 katika mji kama Kaloleni haukuishia darasani. Mwalimu ndiye aliyesomewa na kuandikiwa barua na jamii nzima: barua ya mwana aliyeko bandarini, notisi ya kodi, shauri la shamba. Alikuwa mkalimani kati ya mzee wa kaya na karani wa serikali, akiheshimiwa na wote wawili na kushukiwa na wote wawili. Mshahara wake ulikuwa mdogo ukilinganishwa na wa mwalimu wa Kizungu au wa Kihindi, na bado ndiye aliyeonekana kijijini kuwa mtu mwenye fedha.

Ngala aliongeza jambo jingine ambalo walimu wengi hawakulifanya. Mwaka wa 1949 shirika la Eagle Press la Nairobi lilichapisha kitabu chake, Nchi na Desturi za Wagiriama. Kiliandikwa kwa Kiswahili, na kimekuwa kikitumiwa na watafiti wa historia ya Wamijikenda tangu hapo. Wakati huo karibu kila kilichochapishwa kuhusu watu wa bara la Pwani kilikuwa kimeandikwa na afisa wa serikali au mmishonari. Waswahili wa mwambao walikuwa na maandishi yao ya karne nyingi. Wagiriama, walioitwa "Wanyika" kwa maana ya watu wa porini, hawakuwa nayo. Kwamba mwalimu wa miaka ishirini na sita aliketi akaiandika nchi ya kwao katika lugha ambayo mtu wa Lamu na mtu wa Nairobi wangeisoma, ni tendo la kisiasa hata kama yeye mwenyewe hakuliita hivyo.

Katika miaka hiyo hiyo mlango wa elimu ulizidi kubanwa. Ripoti ya kamati iliyoongozwa na Leonard Beecher, iliyotolewa mwaka wa 1949, iliweka mfumo wa miaka minne ya shule ya msingi, minne ya kati na minne ya upili kwa Waafrika, na kati ya ngazi moja na nyingine ukawekwa mtihani wa kuchuja. Wengi wa watoto walikomea mwaka wa nne. Serikali iliuona mpango huo kuwa wa busara kwa sababu fedha zilikuwa haba. Waafrika waliuona kuwa njia ya kuwazuia, na mwalimu mkuu ndiye aliyepaswa kumweleza mzazi, uso kwa uso, kwamba mtoto wa miaka kumi au kumi na mmoja amemaliza masomo.

Diwani

Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 na chama cha KAU kupigwa marufuku mwaka uliofuata, siasa za kitaifa za Waafrika zilifungwa. Vyama vya nchi nzima havikuruhusiwa tena hadi mwaka wa 1960; kuanzia 1955 viliruhusiwa vya wilaya pekee. Katika Pwani, nafasi iliyobaki wazi kwa mtu mwenye hamu ya kuwatumikia wenzake ilikuwa mabaraza ya mji. Ngala, akiwa Buxton, aliingia katika baraza la ushauri la Waafrika wa Mombasa na baadaye katika baraza la manispaa.

Si kazi inayosimuliwa kwa mbwembwe. Mabaraza ya aina hiyo yalijadili maji, leseni za masoko, nyumba za makuli na mitaro ya majitaka, na uamuzi wa mwisho haukuwa wao. Hata hivyo Mombasa ya wakati huo ilikuwa mji wa kujifunzia. Mgomo mkuu wa Januari 1947 ulikuwa umeisimamisha bandari, na wafanyakazi wa gatini waligoma tena mwaka wa 1955. Walioishi humo ni Mijikenda, Wataita, Waswahili, Waarabu, Wahindi, Wajaluo, Wakamba na wengineo, kila kundi na chama chake cha kuzikana. Diwani aliyetaka jambo lipite hakuweza kuwategemea watu wa kwao peke yao. Tabia ya Ngala ya kusema kwa upole na kutafuta mwafaka, ambayo baadaye wapinzani wake waliiita udhaifu, inaelekea ilikolea hapo.

Katikati ya miaka ya 1950 alipelekwa masomoni katika Chuo cha Redland mjini Bristol, Uingereza. Aliporudi alikuwa msimamizi wa shule, na uchaguzi wa kwanza wa Waafrika ulikuwa mlangoni.

Uchaguzi huo wa Machi 1957 ulikuwa wa wabunge wanane tu katika Baraza la Kutunga Sheria, maarufu kama LegCo, na mpiga kura alipimwa kwa elimu, mali na kipato. Aliyetimiza masharti mengi alikuwa na kura hadi tatu. Mfumo huo uliwapa walimu uzito, na si ajabu kwamba miongoni mwa wanane waliochaguliwa, Oginga Odinga, Daniel arap Moi, Masinde Muliro, Bernard Mate na Ngala wote walikuwa wamewahi kufundisha. Ngala alipewa mkoa mzima wa Pwani, kutoka Vanga hadi Lamu, na kutoka Taveta hadi Tana. Hakuna mbunge wa leo anayeweza kuwazia eneo la namna hiyo.

Lancaster na kuzaliwa kwa KADU

Kufikia 1959 wabunge Waafrika walikuwa wamegawanyika makundi mawili. Walipotakiwa kwenda London kwa mkutano wa katiba katika jumba la Lancaster, walihitaji kiongozi ambaye pande zote zingemvumilia. Walimchagua Ngala awe mwenyekiti wa ujumbe, na Tom Mboya akawa katibu. Mshauri wao wa sheria alikuwa Thurgood Marshall, wakili Mmarekani mweusi ambaye baadaye alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani.

Mkutano ulifunguliwa Januari 1960 na ukakwama papo hapo kwa siku kadhaa, kwa sababu Waafrika walikataa kuketi mpaka Peter Mbiyu Koinange, ambaye serikali haikumtaka, aruhusiwe kuingia kama mshauri wao. Ngala aliuongoza mgomo huo bila kupaza sauti na bila kurudi nyuma, na njia ya kumkubali Koinange ikapatikana. Mwezi uliofuata waziri wa makoloni Iain Macleod alitoa mpango uliowapa Waafrika njia ya kuwa wengi bungeni: viti 33 vya wazi kati ya 65. Kuanzia siku hiyo uhuru ulikuwa suala la tarehe. Historia ya kawaida humtaja Mboya na Odinga inaposimulia mkutano huu. Aliyekuwa kichwa cha meza upande wa Waafrika alikuwa mwalimu wa Kaloleni.

Umoja haukudumu. KANU ilipoundwa mwaka huo wa 1960, Ngala na Moi walichaguliwa katika nyadhifa za uweka hazina bila wao kuwepo, na wote wawili wakazikataa. Tarehe 25 Juni 1960, huko Ngong, vyama vya Wakalenjin, Wamaasai, Waluhya wa Muliro na watu wa Pwani viliungana kuwa KADU, Ngala akiwa rais. Hofu yao ilikuwa moja: kwamba serikali yenye nguvu zote Nairobi ingekuwa ya makabila makubwa mawili, na kwamba ardhi ya jamii ndogo ingegawanywa na watu ambao hawakuijua.

Kwa Pwani hofu ya ardhi haikuwa ya kubuni. Sheria ya hati za mashamba ya mwaka wa 1908 ilikuwa imewataka wenye ardhi katika ukanda wa pwani wathibitishe umiliki mmoja mmoja, na Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya jamii, waliamka siku moja wakiwa maskwota katika mashamba ya wengine. Hali hiyo ndiyo inayoeleza msimamo wa Ngala juu ya Mwambao. Baadhi ya viongozi wa Waarabu na Waswahili walitaka ukanda wa maili kumi, uliokuwa rasmi chini ya Sultani wa Zanzibar, ujitenge na Kenya. Ngala alipinga. Alitaka Pwani ijitawale ndani ya Kenya, si ukanda ujitenge na kuwaacha Wagiriama wa bara bila bandari, na wale wa ukandani chini ya wenye mashamba. Mkataba wa Oktoba 1963 kati ya Uingereza, Zanzibar na Kenya ulimaliza jambo hilo kwa kuuacha ukanda ndani ya Kenya.

Majimbo

Katika uchaguzi wa Februari 1961 KANU ilipata viti 19 na KADU 11, lakini KANU ilikataa kuunda serikali mpaka Jomo Kenyatta aachiliwe. KADU ilikubali, ikisaidiwa na walowezi wa mrengo wa Michael Blundell, na Ngala akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali. Uamuzi huo ulimgharimu. Tangu hapo aliitwa kibaraka wa wazungu, na ni kweli kwamba walowezi waliipenda KADU kwa sababu zao wenyewe. Ni kweli pia kwamba Kenyatta aliachiliwa huru Agosti 1961 wakati serikali hiyo ya Ngala ikiwa madarakani, na kwamba KADU ilidai aachiliwe na ajengewe nyumba. Wanaosimulia nusu ya kwanza ya habari hii ni wengi kuliko wanaosimulia ya pili.

Mkutano wa pili wa Lancaster, 1962, ulileta serikali ya mseto ambamo Kenyatta na Ngala wote walikuwa mawaziri wa nchi wa masuala ya katiba, na katiba yenyewe ikatambua majimbo saba pamoja na eneo la Nairobi, kila jimbo na bunge lake, na Seneti ya kuyalinda. Mambo kama serikali za mitaa na shule za msingi yalipaswa kuwa mikononi mwa majimbo. KANU ilishinda uchaguzi wa Mei 1963. Ngala akawa kiongozi wa upinzani na, sambamba na hilo, rais wa bunge la Jimbo la Pwani.

Alikuwa na jimbo kwa muda wa miezi tu. Katika mazungumzo ya London ya Oktoba 1963 nguvu za majimbo zilipunguzwa licha ya malalamiko yake, na serikali ya Kenyatta ikachelewesha fedha na mamlaka zilizobaki. Wabunge wa KADU walianza kuvuka mmoja mmoja. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alisimama bungeni akatangaza kuvunjwa kwa chama chake. Mwezi mmoja baadaye Kenya ikawa jamhuri, na majimbo yakarudi kuwa mikoa.

Je, alijisalimisha mapema mno? Wapo Wapwani ambao hawakuwahi kumsamehe. Mtu atazamapo orodha ya nchi jirani ambako upinzani na serikali walifikishana kwenye bunduki katika miaka hiyo, ataona kwamba Ngala alikuwa na sababu ya kuhofia mwisho mwingine. Ila gharama ilikuwa kubwa. Moi, aliyekuwa naye KADU, alipanda hadi umakamu wa rais mwaka wa 1967 na baadaye urais, na majimbo hayakutajwa tena kwa heshima kwa miongo kadhaa. Tatizo la maskwota wa Pwani liliendelea.

Ngala mwenyewe alirudi serikalini. Katika mkutano wa KANU wa Limuru mwaka wa 1966 alichaguliwa makamu wa rais wa chama kwa niaba ya Pwani, kisha akateuliwa Waziri wa Ushirika na Huduma za Jamii. Baada ya uchaguzi wa 1969 alishika wizara ya nguvu za umeme na mawasiliano.

Konza

Siku ya Jamhuri, Desemba 12, 1972, gari lake lilipata ajali karibu na Konza katika barabara kuu ya Nairobi-Mombasa. Alilazwa Hospitali Kuu ya Kenyatta akafariki siku ya Krismasi, akiwa hajatimiza miaka hamsini. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa kwamba nyuki waliingia garini wakamshambulia dereva. Katika nchi iliyokuwa imempoteza Pio Gama Pinto mwaka wa 1965 na Tom Mboya mwaka wa 1969, wote kwa risasi, habari ya nyuki haikuwatosheleza wengi, na hadi leo Pwani husimuliwa kwa sauti ya shaka.

Mwanawe, Noah Katana Ngala, alikuwa mbunge wa Ganze na waziri katika serikali ya Moi. Huko Vipingo, Kilifi, serikali ilianzisha ujenzi wa chuo cha utalii chenye jina la Ronald Ngala, ujenzi uliosuasua kwa miaka mingi.

Katiba iliyopitishwa mwaka wa 2010 ilileta kaunti 47 na kuirudisha Seneti, na katika mijadala ya ugatuzi jina la Ngala lilianza kutajwa tena. Lakini katika kugawa kazi, katiba hiyo ilizipa kaunti shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na za upili zilibaki kwa serikali kuu, na mwalimu anayefundisha Kaloleni leo huajiriwa na kuhamishwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ambayo makao yake ni Nairobi.